Midoli ya Masupahiro na Mwana Hiti: Somo la Kukusanya kwa Akili

Ingia chumba chochote cha hosteli hapa Morogoro, iwe kampasi kuu, Mazimbu au kule Mzumbe. Juu ya rafu, kati ya madaftari, pakiti ya sukari na chaja ya simu, usishangae kumkuta Spider-Man mmoja amechuchumaa. Chumba cha pili yuko Iron Man aliyekatika mguu, na cha tatu Black Panther ananing'inia kwenye funguo. Ukimuuliza mwenye nacho atakwambia, "Ah, nakusanya tu." Wenzake wa chumbani watacheka: mtu mzima, mwaka wa tatu, bado anacheza na midoli?

Makala hii haimcheki. Kukusanya ni kazi ya akili yenye kanuni zake, na anayeijua vizuri anajifunza mambo ambayo darasani tunafundishwa kwa majina makubwa zaidi: kuainisha, kutunza kumbukumbu, kupima thamani, kutofautisha halisi na bandia. Lakini nina hoja ya pili, na hiyo ndiyo nzito. Milima ya Uluguru tunayoiona kila asubuhi nayo ina sanamu yake ndogo, yenye kimo kinachokaribiana na cha hao masupahiro. Watu wa mbali wameikusanya na kuiandikia vitabu, na sisi tulio chini ya mlima wengi wetu hatuijui hata kwa jina. Tukijifunza vizuri jinsi plastiki inavyotunzwa, tutajua pia namna ya kutunza cha kwetu.

1. Tukubaliane maneno kwanza

Mdoli au mwanasesere ni sanamu ndogo ya kuchezea. Mdoli wa shujaa, kama tutakavyomwita hapa, ni sanamu ya mhusika fulani anayejulikana, mara nyingi kutoka kwenye filamu, yenye viungo vinavyopinda: shingo, mabega, viwiko, magoti. Si sanamu ya mtu yeyote tu. Ana jina, ana maadui, ana nguo yake.

Neno la pili ni mkusanyo. Tuseme una Spider-Man kumi na wawili kwenye mfuko chini ya kitanda. Huo ni mkusanyo? Bado. Hilo ni lundo. Lundo huwa mkusanyo likipata vitu vitatu. Kwanza, mpaka: unajua kinachoingia na kisichoingia. Pili, kumbukumbu: kila kimoja kina maelezo yake yaliyoandikwa. Tatu, swali: kuna jambo unalotaka kulijua kwa kuviweka pamoja. Mwanafunzi wa botania anayekausha majani ya mimea ya Uluguru anafanya hivyohivyo. Jani lisilo na tarehe wala mahali lilipochumwa halina kazi katika herbaria, hata liwe zuri namna gani.

2. Historia fupi ya shujaa wa plastiki

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa mwanajeshi aitwaye G.I. Joe, mwenye kimo cha karibu sentimita 30. Walikuwa na tatizo moja: wazazi na wavulana wa wakati ule waliamini mdoli ni kitu cha wasichana. Basi kampuni ikakwepa neno mdoli na kutunga jina jipya lenye maana ya "sanamu ya vitendo". Bidhaa ni ileile, mtoto wa plastiki anayevalishwa nguo, ila jina jipya lilifungua soko jipya. Wanaosoma masoko, hapo mna somo lenu la kwanza.

Mwaka 1972 kampuni ya Mego ikaanza kutoa mfululizo wa masupahiro wa vitabu vya katuni, wenye kimo cha sentimita 20 hivi: Superman, Batman, Spider-Man na wenzao. Kisha ikaja filamu ya Star Wars mwaka 1977. Mego walikuwa wamekataa kununua haki ya kutengeneza midoli yake, na kampuni ya Kenner ikaichukua. Filamu ikavuma kuliko walivyotarajia, Krismasi ikakaribia, na midoli haikuwa tayari. Kenner wakafanya jambo ambalo hadi leo linafundishwa: waliuza boksi ambalo ndani yake hamna mdoli. Kulikuwa na picha ya kusimamisha, stika na hati ya kuahidi kwamba mdoli utatumwa kwa posta mwaka unaofuata. Watu wakanunua ahadi! Midoli minne ya kwanza iliwafikia mwaka 1978.

Kenner walipunguza pia kimo hadi sentimita 9 na nusu hivi. Mdoli mdogo ni rahisi kutengeneza, na mtoto anaweza kuwa na wengi badala ya mmoja. Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa ukusanyaji. Ukishakuwa na wanne, unamtaka wa tano.

Filamu ya Batman ya mwaka 1989 ilikuja na midoli ya kampuni ya Toy Biz. Mwaka 2002 Toy Biz wakaanzisha mfululizo wa Marvel Legends, wa sentimita 15 hivi, wenye viungo vingi na rangi nadhifu, uliowalenga watu wazima kuliko watoto. Tangu 2007 haki hizo ziko kwa Hasbro. Mwaka uliofuata filamu ya kwanza ya Iron Man ikafungua mlango wa msururu wa filamu tunazobadilishana kwenye flashi hadi leo.

Sisi Watanzania nasi tuliwahi kumpa shujaa wa filamu mwili wa plastiki, tena bila kulipa haki kwa mtu. Mfuko wa rambo! Jina la mwanajeshi wa sinema likahamia kwenye mfuko wa sokoni, na likabaki midomoni hata baada ya mifuko yenyewe kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Jina la shujaa hudumu kuliko kifaa kilicholibeba.

3. Nini hukipa kipande cha plastiki thamani?

Plastiki yenyewe ni ya senti chache. Thamani hutoka kwingine, na wakusanyaji huiangalia kwa mambo manne.

La kwanza ni uhaba. Mdoli uliotolewa kidogo au ulioondolewa sokoni mapema hutafutwa zaidi.

La pili ni hali. Ambao haujatolewa kwenye boksi hupanda bei kuliko uliochezewa. Ndiyo maana mkusanyaji wa kweli hatupi boksi, wala kikaratasi kilichomo.

La tatu ni ukamilifu. Ngao ya Captain America isipokuwepo, mdoli umeshuka.

La nne ni chanzo kinachothibitika: umetoka wapi, kwa nani, lini.

Kampuni zinajua udhaifu wetu katika hilo la tatu. Chukua filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Kwetu Afrika Mashariki filamu ile ilikuwa ya nyumbani kidogo: Nakia aliigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya, na Ayo, mmoja wa walinzi wa mfalme, aliigizwa na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala. Hasbro walipotoa toleo la midoli ya filamu hiyo katika Marvel Legends, Okoye, jemadari wa walinzi, hakuuzwa peke yake. Walimkata vipande: mkono kwenye boksi la huyu, mguu kwenye boksi la yule. Ulitaka Okoye kamili? Ununue wenzake wote wa toleo lile, akiwemo Iron Man ambaye hamo kabisa kwenye filamu ile.

Sasa mtazame Okoye mwenyewe. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2019 kwa kazi hiyo, alieleza kwamba mavazi ya walinzi wale yalichota kwa jamii mbalimbali za Afrika, Wamasai wakiwemo: wekundu ule, shanga zile. Mmasai huyo huhitaji kwenda Wakanda kumwona. Yuko stendi ya Msamvu anauza dawa na viatu vya matairi, na yuko Mvomero na mifugo yake. Shanga zimetoka kwetu, zikapita Hollywood, zikapigwa chapa kwenye plastiki, zikakatwa vipande na kuwekwa kwenye maboksi ya kuuzwa dunia nzima. Kukasirika hakutusaidii sana. Tujiulize swali la mkusanyaji: katika safari yote hiyo, ni wapi palipoandikwa jina la mama aliyetunga shanga?

4. Hesabu ya boom

Tuseme ukweli kuhusu pesa. Mdoli mmoja wa Marvel Legends huuzwa Marekani kwa takriban dola 25. Ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 62,500, kabla ya kusafirisha, kabla ya ushuru wa forodha na kabla ya VAT ya asilimia 18. Kwa mwenye mkopo wa kujikimu wa shilingi 10,000 kwa siku, ameshakula siku sita za chakula na malazi akiwa bado hajalipia hata usafiri. Usiguse boom kwa ajili ya Thor. Thor hatakulipia chumba.

Kwa hiyo midoli mingi tunayoiona hapa mjini inatoka njia mbili. Kuna ile inayoshuka na belo la mitumba ya watoto, ambayo mara nyingine ni halisi kabisa, ila imechakaa na haina boksi. Na kuna mipya ya bei poa, iliyonakiliwa bila kibali. Kutofautisha si kazi ngumu. Geuza nyayo au tazama mgongoni: wenye haki yao huwa na jina la kampuni, mwaka na alama ya hakimiliki iliyochongwa kwenye plastiki yenyewe. Angalia rangi ya macho, maana nakala huwa na macho yaliyohama. Pindisha goti taratibu: nakala hulegea au hukwama. Nusa, kwa sababu plastiki duni huwa na harufu kali ya mafuta. Na soma maandishi ya boksi, kwani "Spader Man" hajawahi kuwa na filamu.

Je, kuwa na nakala ni aibu? Hapana. Nakala nayo ina hadithi ya biashara ya kusomwa. Aibu ni kuiandika kuwa halisi.

Kwa mfuko mdogo, silaha yako ni mpaka. Usikusanye "masupahiro". Kusanya masupahiro wa kike tu, au waliofika Morogoro kwa mitumba tu, au Spider-Man wa nakala tu ulinganishe makosa yao. Mkusanyo wa vipande saba wenye swali zuri ni bora kuliko wa sabini usio na swali.

5. Mwana hiti: sanamu ya kwetu

Sasa tupande mlima. Waluguru, pamoja na majirani zao Wazaramo, Wakwere, Wakutu, Wakaguru na Wadoe, ni jamii zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika jamii hizo msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundishwa na wakubwa wake. Katika kipindi hicho alipewa sanamu ndogo iitwayo mwana hiti. Wengi hulitafsiri jina hilo "mtoto wa mti", na wapo wanaolihusisha na kiti.

Mwana hiti wa kawaida ana kimo cha sentimita 10 hadi 15 hivi. Mwili ni mche wa duara, hauna mikono wala miguu. Kuna matiti madogo na kitovu. Sehemu iliyochongwa kwa uangalifu zaidi ni kichwa, chenye msuko wa nywele uliosimama kama upanga, mmoja katikati au miwili pembeni. Nyingine zilivishwa shanga. Mahali pengine kibuyu kidogo kilichukua nafasi ya mti. Umbo hilohilo lilichongwa pia kwenye viti vya wakubwa, fimbo, ala za ngoma na nguzo za makaburi. Kwa hiyo haikuwa mchezo wa mtoto tu. Ilikuwa alama ya ukoo unaoendelea.

Mwali alimtunza: alimwogesha, alimpaka mafuta, alimtengeneza nywele. Mara nyingi sanamu haikuwa mali ya msichana mmoja. Wakubwa waliihifadhi, zamu ya mwali mwingine ikifika ikatolewa tena. Mengine ya mafunzo yale ni ya wanawake wenyewe, na si ya kuanikwa gazetini.

Linganisha sasa na yule wa plastiki. Kimo karibu kilekile. Wote wawili wanatambulika kwa kichwa na nguo. Lakini shujaa wa filamu ana viungo kumi na kitu, na hadithi yake imeshamalizwa na kampuni: wewe unakaa na kumtazama. Mwana hiti hana hata kiungo kimoja, na vitendo vyote vinabaki kwa mwali. Yeye ndiye anayeoga, anayepaka, anayejifunza.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye thamani. Mdoli wa Marvel hupanda bei ukiwa haujaguswa. Mwana hiti, huko kwenye masoko ya sanaa ya Ulaya, hupanda bei akiwa ameguswa sana: mti uliong'aa kwa mikono, mafuta yaliyoingia ndani, ukingo uliolika. Wanunuzi hutafuta dalili kwamba ilitumika kweli. Fikiria maana yake. Mapenzi ya wasichana wa vizazi kadhaa, waliompaka mafuta mtoto wao wa mti, ndiyo yanayoongeza bei kwa mtu atakayemfungia kabatini asiguswe tena. Na kwa kuwa uchakavu unalipa, wapo wanaochonga vipya na kuvichakaza makusudi. Bandia zipo pande zote mbili, plastiki na mti.

6. Nani ameandika?

Sanamu hizi zilianza kuchukuliwa kwa wingi tangu enzi za Wajerumani, na maofisa, wamisionari, wasafiri, baadaye wafanyabiashara. Leo zimo katika makumbusho na nyumba za watu binafsi Ulaya na Marekani. Mtafiti Marja-Liisa Swantz wa Finland aliishi na Wazaramo, na kitabu chake kuhusu mila na alama zao kilitoka mwaka 1970. Mwaka 1990 Marc L. Felix, mfanyabiashara na mtafiti wa sanaa wa Brussels, alitoa kitabu kizima chenye jina la Mwana Hiti, kuhusu maisha na sanaa za jamii hizi zinazofuata ukoo wa mama.

Hatuna sababu ya kuwalaumu walioandika. Bila wao tungejua kidogo zaidi. Lakini soma kibao cha kawaida chini ya sanamu ya namna hii: kabila, nchi, mti, sentimita kadhaa. Mchongaji hayupo. Mwali hayupo. Kijiji mara nyingi hakipo. Sanamu iliyopita mikononi mwa wanawake watano imebaki na jina la mtu mmoja tu, aliyeinunua mwisho.

Shabiki wa Star Wars anaweza kukwambia boksi lake lilitoka kiwanda gani, mwaka gani, na kikaratasi gani kinakosekana. Kwa kipande cha plastiki! Kwa mwana hiti hatuna hata nusu ya maelezo hayo, na wanaoweza kutupa ni bibi zetu, ambao umri hauwangoji. Hapo ndipo somo hili lina uzito. Kitu kikipotea, pengine kipo kingine kama hicho kabatini Berlin. Maelezo yakipotea, hayapo popote.

7. Kadi ya mkusanyaji

Chukua daftari au jedwali la kompyuta. Kila kitu kipate kadi moja yenye mistari minane: jina lake, kwa lugha ya mwenyewe, nani alikitengeneza na lini, kimetengenezwa kwa nini, kimo na uzito, hali yake leo, ulikipata wapi, lini, kwa bei gani, nani walikuwa nacho kabla yako, na hadithi inayosimuliwa kukihusu, pamoja na jina la msimulizi kama ameridhia.

Mfano wa kwanza. "Spider-Man. Hana alama ya kampuni, huenda ni nakala. Plastiki. Sentimita 15. Bega la kushoto limelegea. Soko la Mawenzi, Machi, shilingi 3,000. Muuzaji alisema ametoka kwenye belo la nguo za watoto. Macho hayako sawa." Mistari michache tu, na lile lundo limeanza kuwa mkusanyo.

Mfano wa pili, wa kitu cha nyumbani. "Kibuyu kidogo chenye shanga nyeupe na nyekundu. Bibi anakiita kwa jina la Kiluguru, nimeliandika alivyolitamka. Kilikuwa cha mama yake, Matombo. Shanga tatu zimedondoka, zimo kwenye bahasha. Hakijanunuliwa, kiko kwa bibi. Hadithi yake hakutaka iandikwe." Huo mstari wa mwisho nao ni kumbukumbu. Kuandika kwamba mtu amekataa kusimulia ni sehemu ya kazi, na ni heshima.

8. Adabu ya kukusanya

Plastiki nunua utakavyo. Kitu cha ukoo kina masharti.

Anza na shikamoo, si na bei. Mzee akiona umekuja na pochi mkononi, mazungumzo yameshaharibika. Kaa, sikiliza, saidia kazi iliyopo. Na kama wewe ni mwanaume, fahamu kwamba mambo ya mwali si yako kuyauliza. Mwombe dada, shangazi au mwanafunzi mwenzako wa kike, naye ataamua kipi kinaweza kusemwa.

Usinunue kitu cha ukoo kwa mtu aliye kwenye shida. Anayeuza kwa ajili ya ada ya mjukuu hajaamua kwa hiari. Na kwenye ukoo wa mama, kijana wa kiume anayekuuzia kwa siri nyuma ya nyumba huenda hana hata haki ya kukigusa.

Usipige picha bila ruhusa, wala kuiweka kwenye status.

Tena kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale na vya asili, na kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni akikuomba umtafutie "kisanamu cha zamani" aondoke nacho, hiyo si dili, hilo ni kosa.

Tazama basi jambo la ajabu katika somo hili: kwa vitu vya kwetu, mkusanyo bora unaweza kuwa wa kadi tu. Kitu kinabaki kwa mwenyewe, kinaendelea na kazi yake, wewe una daftari. Hakuna aliyepoteza.

9. Kutunza katika hali ya hewa ya Morogoro

Mji wetu una joto, na masika unyevu hauchezi mbali. Plastiki laini ikikaa kwenye joto hutoa mafuta na kunata. Jua la dirishani hufifisha rangi na kufanya nyeupe iwe ya njano. Basi weka midoli mbali na dirisha, ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikaushe kabla ya kuifungia. Usiifungie kabisa ndani ya nailoni, maana inahitaji hewa.

Mti una maadui wengine: mchwa, wadudu watoboao mbao, na ukungu. Ukiona unga laini chini ya kitu, kuna mdudu anafanya kazi ndani. Kitenge na vingine haraka. Makumbusho huvifunga vitu vya namna hiyo kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuviweka kwenye friza kali kwa wiki moja au mbili ili kuua wadudu. Lakini kitu cha ukoo usikiguse bila mwenyewe kukubali. Usipake vanishi, usisugue, usipake mafuta ya kupikia. Uchafu unaoutaka utoke huenda ndio historia yenyewe. Isipokuwa mwenyewe, bibi, ndiye anayempaka mafuta kama alivyofundishwa. Hapo wewe kaa pembeni, andika.

10. Muhtasari na zoezi

Tumesema lundo si mkusanyo. Tumeona kwamba thamani ya mdoli wa shujaa haitoki kwenye plastiki bali kwenye uhaba, hali, ukamilifu na chanzo, na kwamba vyote vinne husimama juu ya maandishi. Tumeona sanamu ya Uluguru iliyobeba ukoo mzima bila kuwa na kiungo hata kimoja, na jinsi ilivyofika mbali huku majina ya wenyewe yakibaki nyuma.

Anayekusanya masupahiro asiache. Ana mazoea ambayo wengi wetu hatuna: hatupi boksi, anakumbuka mwaka, anatambua nakala kwa kutazama macho. Mazoea hayo ndiyo yanayohitajika milimani.

Zoezi la kufanya kabla ya UE:

(a) Chagua vitu vitano ulivyonavyo chumbani, vya aina moja. Viandikie kadi. Andika swali moja ambalo vitu hivyo kwa pamoja vinaweza kulijibu.

(b) Tafuta mdoli mmoja wa shujaa sokoni. Bila kuununua, orodhesha dalili tatu za kuwa halisi au nakala. Mshukuru muuzaji.

(c) Likizo ikifika, kama kwenu ni Kinole, Matombo, Mgeta, Kisarawe, Songea au Bukoba, muulize mzee mmoja kuhusu kitu kimoja cha ndani ya nyumba yake. Kimoja tu. Jaza kadi, mistari minane. Usirudi na kitu. Rudi na kadi.

Darasa la watu hamsini likifanya (c), muhula ujao tutakuwa na kadi hamsini ambazo leo hazipo mahali popote duniani.